Nyumba Si Yangu, Lakini Mlango Nimeuvisha. Sasa?

Leo nimekuja na ugomvi, kwa hivyo kama ulikuwa unatafuta kucheka, rudi kesho.

Wiki jana niliweka video ya sekunde arobaini. Mlango wa keja yangu, upande wa ndani. Mwanzo unaona fremu ya chuma, plasta imepasuka kando yake kutoka juu hadi chini, na alama za mikono za wapangaji wote walionitangulia. Mwisho unaona mbao tatu nyeupe: mbili zimesimama kando ya mlango, moja imelala juu yake. Ni hayo tu. Sikubomoa kitu, sikuweka taa za rangi, sikununua sofa.

Nilidhani mtaniuliza rangi nimetoa wapi. Badala yake nilihubiriwa siku tatu.

"Buda, unamjengea landilodi na bado unamlipa kodi?" "Hiyo pesa si ungeweka kwa sako." "Huyu aliacha kampasi, mlitarajia nini?" Na moja ambayo watu waliipenda kuliko video yenyewe: "Mpangaji hupamba mwili, nyumba hupambwa na mwenyewe."

Sijafuta hata moja. Ile ya kampasi ni kweli, niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa, tumeshaongea hiyo stori. Lakini hii ya mwisho siwezi kuiacha ipite, kwa sababu ndiyo iliyonilea. Naijua vizuri kuliko mse aliyeiandika.

Tulikaa Kayole miaka 16 kwa nyumba moja. Chumba kimoja na sebule, orofa ya tatu. Mathe ni fundi wa nguo. Kazi yake kubwa, hadi leo, ni kumalizia nguo za watu: kuweka lesi kwa shingo, kushona pindo, kuzungushia utepe kwa mikono ya kitenge. Kuna kitu huwaambia wateja wanaotaka kuchukua nguo mapema: "Mama, nguo bila pindo bado haijaisha." Nimesikia hiyo sentensi mara elfu.

Sasa njoo kwa nyumba ya huyo mama. Kando ya fremu ya mlango wetu kulikuwa na mwanya ambao ningeweza kuingiza shilingi tano ya sarafu. Tuliuziba kwa magazeti. Mende walikuwa wanaishi humo kama wapangaji wa kawaida, tofauti ni kwamba wao hawakuwa wanalipa. Kila nikiuliza kama tunaweza kurekebisha, jibu lilikuwa lilelile: "Hii si nyumba yetu. Tukijenga kwetu utaona."

Kwetu ni ploti ya Joska. Iko. Ina nguzo nne na seng'enge. Mathe alimaliza kuilipa polepole, na ninamheshimu sana kwa hilo. Lakini miaka 16 imepita na nguzo bado ni nne.

Fanya hesabu na mimi. Kodi ilianza chini ikapanda, lakini hata nikikadiria shilingi 6,000 tu kwa mwezi, miaka 16 ni miezi 192. Hiyo ni shilingi 1,152,000. Tulimpa mtu zaidi ya milioni moja, halafu tukaogopa kutumia elfu moja kwa mlango ambao tulipita kila siku ya maisha yetu, eti tusipoteze pesa.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sio na mathe. Ni na hiyo kanuni.

Tuanze na kitu chenyewe, kwa sababu wengi wenu mnabishana kuhusu kitu hamjui kazi yake. Ule ubao unaozunguka mlango, hadwea wanauita akitrevu. Haukuanza kama urembo. Fremu ya mlango ni mbao au chuma. Ukuta ni mawe na plasta. Vitu hivi viwili havikauki sawa na havipanuki sawa kukiwa na joto au baridi. Kwa hivyo mahali vinapokutana, hata fundi awe mzuri aje, ufa utakuja. Ubao unawekwa juu ya hiyo nafasi kuificha na kuikinga. Urembo ulikuja baadaye kwa sababu watu ni watu, ukimpa mtu ubao ataupamba.

Maana yake ni nini? Maana yake mlango wako wa bedsita haukosi mapambo. Unakosa kumaliziwa. Aliyejenga alihesabu nyumba 60, akaona akiruka hizo mbao atabakisha pesa, na akajua hakuna mpangaji atakataa nyumba kwa sababu ya ufa kando ya mlango. Wewe ukaja, ukalipa dipoziti, ukaingia kwa nguo isiyo na pindo. Halafu unaambiwa ukishona hilo pindo wewe ndiye mjinga.

Mwingine aliniambia haya ni mambo ya wazungu, ya Pinterest. Manze, hapo ulikosea mtaa kabisa.

Mwaka jana nilipata kazi ndogo ya kupiga video Lamu. Siku nne. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ukitembea kwa hizo njia nyembamba utaelewa. Lakini kilichonishika si kile nilichotarajia. Kuta za nje za hizo nyumba kubwa za mawe ni tupu. Hakuna madirisha makubwa ya kujionyesha, hakuna nguzo kama za bungalo za siku hizi. Ukuta mweupe, mweupe, mweupe, halafu ghafla mlango. Na mlango umechongwa kila mahali: miimo ya kando imejaa maua na mizunguko, kizingiti cha juu kimechongwa kuliko vyote, mingine ina maandishi.

Mwimo. Kizingiti. Kiswahili kilikuwa na majina ya hizi sehemu kabla simu yako haijajua neno Pinterest. Watu wa pwani waliamua zamani kwamba kama utapamba mahali pamoja tu, pamba mlango, kwa sababu hapo ndipo kila mtu anapita na hapo ndipo mgeni anasimama akisubiri kufunguliwa. Hiyo ndiyo akili ya bajeti. Ukuta acha, mlango vishe.

Najua utasema wale walikuwa matajiri na nyumba zilikuwa zao. Sawa. Basi tutoke Lamu turudi hapa Nairobi, stejini.

Makanga wa nganya unayopenda, hiyo gari ni yake? Dereva je? Wengi wao gari ni ya mwenyewe ambaye hata hajawahi kuipanda na asubuhi anataka tu hesabu yake ya jioni iwe kamili. Lakini tazama wanavyoiosha. Tazama makanga anavyofuta rimu kwa kitambaa chake, anavyobandika stika aliyonunua na pesa yake mwenyewe. Hakuna mtu humwambia, "Wee, hiyo si gari yako, acha ikae chafu." Tunamwita mse anayejua kazi. Anapitisha saa 16 ndani ya hiyo gari, na ameamua hazitakuwa saa 16 za kukaa kwa takataka.

Wewe unalala kwa hiyo nyumba. Unaamka humo. Umelia humo. Halafu unaiheshimu kidogo kuliko makanga anavyoheshimu mathree ya mtu.

Sasa wacha niwape pesa nilitumia, shilingi kwa shilingi, kwa sababu kelele bila hesabu ni ufala.

Mlango wangu ni ile saizi ya kawaida ya ploti, karibu futi 3 kwa 7. Ubao wa kando futi 7, mara mbili, ni 14. Wa juu lazima ufunike upana wa mlango pamoja na mbao za kando, halafu uzidi inchi moja kila upande, kwa hivyo ni kama futi 3 na inchi 8. Jumla haifiki 18. Nilinunua futi 20 za saipras ya 3 kwa 1: mbili za futi 8 na moja ya futi 4.

Mbao, shilingi 30 kwa futi: 600.
Kupigiwa randa hapo hapo kwa fundi ili ziwe laini: 100.
Misumari ya konkriti ya inchi mbili, robo kilo: 80.
Msasa, vipande viwili: 80.
Gundi ya mbao, chupa ndogo: 100.
Rangi nyeupe ya mafuta, nusu lita: 350.
Brashi: 70.

Jumla 1,380. Nyundo na msumeno niliomba kwa fundi wa viti hapo chini, nikamrudishia na soda.

Kabla ya hapo niliuliza bei kwa mmoja wa hawa watu wa intiria wanaopost nyumba za marumaru. Mlango mmoja, mtu wangu, aliniambia elfu tisa na mia tano, bila rangi. Na hapo pia nina kesi. Kuna kundi la watu kwa hii kazi yetu ya kontenti ambao wamefanya nyumba nzuri ionekane kama ni lazima uwe na laki mbili. "Nimebadilisha keja yangu kwa bajeti," halafu bajeti yenyewe ni mshahara wako wa miezi sita. Hao na wale wa "subiri ujenge" wanaonekana ni maadui, lakini wanakuambia kitu kimoja: wewe, na pesa yako hiyo, bado hujafika. Kaa kwa ufa wako.

Sikiza jinsi ya kufanya, na usiogope, mimi si fundi.

Kitu kinachoogopesha watu ni kukata kona. Zile mbao unaona zimekutana kwa mshazari kwa pembe, hiyo ni digrii 45, na bila kifaa chake utaharibu mbao tatu kabla upate moja sawa. Achana nayo. Kata kila kitu mraba. Mbao za kando zisimame wima, ubao wa juu ulale juu ya vichwa vyao na utokeze ile inchi moja kila upande. Inakaa kama imepangwa hivyo, na kosa dogo la msumeno halionekani sana.

Piga msasa kwa kufuata mistari ya mbao, sio kuikata. Paka rangi kabla ya kugonga ukutani, sio baada. Mimi nilipaka juu ya rufu pale tunapoanika nguo, mkono wa kwanza jioni, wa pili kesho yake. Rangi ya mafuta ina harufu, usijifungie nayo kwa bedsita ulale.

Pima ukuta kabla hujagonga. Chukua uzi, funga jiwe, shikilia juu uache likae lenyewe. Hiyo ndiyo timazi ya maskini. Utashangaa vile nyumba yako imepinda. Ubao ufuate uzi, usifuate ukuta.

Misumari mitatu kwa kila ubao wa kando inatosha, na miwili juu. Usipake gundi kwa ukuta, utaona sababu baadaye. Gundi ni ya kuchanganya na ule unga wa mbao wa msasa, unaziba vichwa vya misumari, ikikauka unapitisha msasa kidogo na rangi.

Vitu viwili vya kuangalia sana. Kama mlango unafunguka kwa ndani, acha nafasi, ubao usiguse bawaba wala kuzuia mlango kufunguka wote. Na swichi ya taa: mara nyingi iko karibu na mlango, na waya hupita ndani ya ukuta ukienda juu au chini moja kwa moja kutoka hapo. Usigonge msumari kwa huo mstari. Mlango mzuri hauwezi kukusaidia ukiwa umepigwa na stima.

Na kama ni nyumba ambayo msumari hauruhusiwi kabisa, au hata hiyo 1,380 haipo, bado huna kisingizio. Chukua seloteipu ya karatasi ile ya wapaka rangi, weka mistari miwili kuzunguka mlango, iachane inchi nne, paka katikati yake rangi iliyobaki kwa mtu yeyote. Toa teipu kabla rangi haijakauka kabisa. Mlango umevaa. Ufa utakuwa bado uko, lakini kuna mtu amesema hapa ni kwake.

Sawa. Sasa tufike kwa pointi yenu kali, kwa sababu mko nayo moja, na nisipoijibu nitakuwa nawadanganya.

Mwezi mmoja baada ya kuweka zile mbao, nilisikia keateka akipandisha wageni ngazi. Nyumba ya kando yangu ilikuwa wazi. Akagonga kwangu. "Kijana wangu, hebu wafungulie waone kidogo. Hizi nyumba ndani ziko hivi." Nikawafungulia. Wakaangalia mlango, wakaangalia juu, yule dada akasema, "Iko poa." Walichukua hiyo nyumba. Na baadaye tukiongea kwa ngazi niliambiwa kodi yao: mia tano juu ya yangu. Kwa nyumba ambayo mlango wake bado uko na ufa.

Wueh. Hiyo iliniuma. Nililala nikiwaza pengine mko sawa. Nilitoa 1,380 yangu, mzee mwenye nyumba akapata tangazo la bure, na jirani akalipia.

Lakini nikaifikiria tena. Aliyeiba hapo ni nani? Sio ubao. Ni mtu aliyeonyesha nyumba moja akakodisha nyingine. Na mnachoniambia nyinyi ni kwamba dawa ya huo ujanja ni mimi niishi vibaya. Nikae kwa nyumba mbovu kabisa, ili landilodi asipate faida kwa uzuri wangu. Yaani nijichape mimi ndio yeye asikie uchungu. Mzee hatasikia chochote. Nyumba yake haishi yeye.

Kodi itapanda hata mlango wako ukiwa umeoza. Kayole ilipanda miaka 16 na mende wakiwa kwenye fremu. Dipoziti itakatwa hata ukiacha ukuta vile ulivyoukuta, utaambiwa ni ya kupaka rangi, na wewe unajua rangi itapakwa uchafu ukiwa ndani yake. Tunajizuia kuishi ili tulinde pesa ambayo tayari hatuiweki mfukoni.

Ndio nikasema sitaacha, lakini nitakuwa mjanja. Hizi ndizo kanuni zangu, na nazifuata mimi mwenyewe.

Moja, omba ruhusa, na uombe kwa maandishi. Usiende kusimama kwa ofisi ya keateka ukijieleza nusu saa. Tuma ujumbe: "Habari mzee. Naomba kuweka mbao tatu kuzunguka mlango wangu kwa ndani, kwa gharama yangu. Nikihama nitazitoa na kuziba mashimo." Picha ya mlango kabla, picha baada, weka pamoja na huo ujumbe. Siku ya dipoziti utanishukuru.

Mbili, weka kiwango. Changu ni hiki: kitu chochote ninachoongeza kwa nyumba ya kupanga kisizidi robo ya kodi ya mwezi mmoja. Nalipa 7,000, kwa hivyo mwisho wangu ni 1,750. Nilibaki na chenji. Sijasema uweke jipsamu. Sijasema ubadilishe vigae. Ukifanya hivyo kwa nyumba ya mtu hata mimi nitakuja kwa komenti zako nikucheke.

Tatu, iwe ya kutoka. Ndiyo sababu nilisema usipake gundi kwa ukuta. Nikihama, nachomoa mbao tatu, naziba mashimo nane kwa plasta kidogo, nafunga mbao kwa kamba, naweka juu ya pikapu na godoro. Milango ya ploti nyingi ni karibu saizi moja. Ikizidi nitakata, ikipungua nitaongeza kipande. Kwa hivyo lile swali lenu la "unamjengea nani?" jibu lake ni rahisi. Najijengea mimi. Nyumba ni yake, mbao ni zangu.

Na wale wa sako, nawasikia. Mimi pia naweka, mia mia. Ploti ni nzuri. Kujenga ni vizuri. Lakini msiniambie kwamba 1,380 ndiyo iliyosimama kati yangu na nyumba yangu. Hiyo pesa mnakula kwa wikendi moja ya kuku na vinywaji na hamna mtu anawaandikia "ungeweka kwa sako." Tabu yenu sio pesa. Tabu yenu ni kuona mpangaji akijifanya ana haki ya kupenda mahali anapokaa.

Kwa sababu hii "subiri" haikuanza na mlango. Subiri umalize shule. Subiri upate kazi. Subiri uoe. Subiri ujenge. Mimi ile ya shule ilinikatikia katikati, na siku hiyo niligundua kitu: hakuna mtu alikuwa amenipangia chochote cha kuishi wakati wa kusubiri. Nairobi wengi wetu tunapanga. Wengi tutapanga miaka mingi, na wengine tutazeeka tukipanga. Kama maisha yanaanza siku ya kupata hati ya shamba, basi jiji zima halijaanza kuishi.

Jumapili mathe alikuja kunitembelea. Hakuwa ameona video, hatumii hizo vitu. Aliingia, akaweka mfuko wa sukuma na ndizi chini, akageuka kufunga mlango. Akasimama.

Alipitisha kidole kwa ubao wa kando, kutoka begani kwake hadi chini karibu na sakafu, vile huwa anapitisha kwa pindo la nguo kuangalia kama uzi umeruka mahali. Akabonyeza pale kona ya juu mbao zinapokutana. Nilikuwa nasubiri aniambie hii si nyumba yangu.

"Umelipa fundi pesa ngapi?"

"Nimefanya mwenyewe, Mum. Elfu moja mia tatu na themanini."

Alinyamaza muda mrefu. Akakaa kwa kitanda, akawa bado anautazama mlango. Akaniuliza kama nina futi ya kupimia. Nikadhani anataka kuangalia kama nimekosea vipimo, si mnajua fundi wa nguo alivyo.

Akasema, "Wa kwetu ni mkubwa kidogo kuliko huu. Ukuje Jumamosi upime."

Bado anakaa Kayole. Nyumba ileile. Mwaka wa 17.

Jumamosi niko huko na msumeno wa kuomba. Anayetaka kuniambia tunamjengea landilodi atanipata orofa ya tatu, mlango wa kwanza kushoto. Utaujua.